Kibanja Kinachouza: Somo la Ziara ya Shambani katika Bukoba na Muleba

Utangulizi

Asafiriye kwa barabara kutoka mjini Bukoba kwenda Muleba, akipitia Kemondo, Muhutwe na Izigo, huona jambo moja likijirudia kandokando ya njia. Mikungu ya ndizi imeegemezwa ukutani au imelazwa juu ya majani makavu, na pembeni yake yako mafungu ya maparachichi, magimbi, mananasi na maharage mabichi. Hatua chache nyuma ya bidhaa hizo ndipo lilipo shamba zilikotoka. Mnunuzi akibisha hodi hukaribishwa ndani. Aweza kuuona mgomba uliozaa mkungu anaoununua, na kuzungumza na mtu aliyeupanda.

Makala haya yamekusudiwa kumsaidia mwalimu wa sekondari kuigeuza ziara ya namna hiyo kuwa somo la sayansi. Hakuna haja ya vyombo vya gharama. Mizani ya kuning'iniza, kamba iliyopimwa, karatasi za litimasi na daftari vyatosha. Swali tutakalolifuata ni moja: mkulima anapouza mkungu wa ndizi, ni nini kingine kinachotoka shambani pamoja na mkungu huo, nacho kitarudije? Swali hili laonekana dogo, lakini uhai wa mashamba ya Wahaya umelitegemea kwa vizazi vingi, na utaendelea kulitegemea.

Kibanja, kikamba na rweya

Kabla ya kutoka darasani, wanafunzi hawana budi kuyaelewa maneno matatu ya Kihaya ambayo wataalamu wa kilimo nao huyatumia.

Kibanja ni shamba la nyumbani. Nyumba husimama katikati, na kuizunguka kuna mchanganyiko wa mimea iliyopangwa kwa ngazi. Juu kabisa ni miti ya kivuli na ya matunda. Chini yake ni migomba. Chini ya migomba ni mibuni, hasa ya aina ya robusta. Na chini ya yote, ardhini, ni maharage, magimbi na mboga. Kila ngazi hutumia mwanga unaoachwa na ngazi iliyo juu yake. Mwalimu wa baiolojia atakuwa na somo zima hapo hapo, kabla hata hajaulizia habari za udongo.

Kikamba ni sehemu ambayo rutuba yake haijafikia ile ya kibanja, au iliyokuwa kibanja ikadhoofika. Humo migomba ni haba na dhaifu, na mahali pake pengi pamechukuliwa na mihogo, mahindi au viazi vitamu.

Rweya ni uwanda wa nyasi ulio wazi baina ya vijiji. Kwa desturi, huko ndiko ng'ombe walikolishwa, nyasi zilikokatwa, na wanawake walikolima mashamba ya muda ya njugu mawe.

Mgeni huweza kudhani kwamba kibanja ni ardhi nzuri iliyobahatika, na rweya ni ardhi mbaya. Dhana hiyo ni kosa. Mara nyingi mwamba ulio chini ya kibanja ni ule ule ulio chini ya rweya, na mvua inyeshayo ni ile ile. Tofauti imeletwa na kazi ya watu.

Udongo uliotengenezwa kwa mikono

Ukanda wa Bukoba na Muleba ulio karibu na Ziwa Victoria hupata mvua nyingi, zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mahali pengine hukaribia milimita 2,000. Kadiri mtu anavyoelekea magharibi ndivyo mvua inavyopungua. Mvua nyingi ni neema kwa mgomba, kwa maana mmea huo una kiu kubwa na mizizi yake haiendi chini sana. Lakini mvua hiyo hiyo ni adui wa rutuba. Maji yapenyayo ardhini huyeyusha madini na kuyashusha chini hadi mahali ambapo mizizi haiwezi kuyafikia. Udongo wa maeneo haya umetokana kwa sehemu kubwa na mawe ya mchanga, ambayo tangu asili hayana akiba kubwa ya madini. Kwa hiyo, ukiachwa peke yake, udongo huu huwa maskini na wenye asidi, kama tuuonavyo katika rweya.

Wazee waliigeuza hali hiyo kwa njia iliyo rahisi kuieleza na ngumu kuitenda. Mwaka baada ya mwaka walikata nyasi za rweya wakazitandaza kati ya migomba. Ng'ombe walilishwa rweya mchana, wakarudi kulala nyumbani, na samadi yao ikaingia kibanjani. Majivu ya jikoni, maganda, mabua na majani yote yalirudishwa chini ya migomba. Kwa njia hiyo rutuba iliyotawanyika katika uwanda mpana ilikusanywa mahali padogo, kama mtu akusanyavyo sarafu moja moja katika kibubu.

Hapo pana jaribio la kwanza kwa wanafunzi. Na wachukue udongo wa kibanja na udongo wa rweya kutoka sehemu zilizo karibu, kila mmoja kwa kina cha sentimita 15. Walinganishe rangi, harufu na uzito. Waweke kiasi sawa cha kila udongo juu ya kitambaa, wamimine kiasi sawa cha maji, na kupima kiasi kinachopenya. Kisha wachanganye kila udongo na maji safi na kupima kwa litimasi. Aghalabu udongo wa kibanja utaonekana mweusi zaidi na wenye kushika maji zaidi, kwa sababu ya mboji iliyokusanyika ndani yake.

Daftari la rutuba

Wanafunzi wa kemia hufundishwa kwamba maada haiumbwi wala haipotei katika badiliko la kikemia. Hubadili umbo na mahali tu. Kanuni hiyo yafaa kutumiwa shambani kama ilivyo katika maabara. Mkungu unapokwenda sokoni, madini yaliyomo ndani yake hayapotei, bali yamehama.

Mimea huhitaji virutubisho vingi, lakini vitatu hutajwa kwanza: naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Mgomba ni mmea mwenye uchu mkubwa wa potasiamu. Madini haya husaidia kusafirisha sukari kutoka majanini hadi kwenye matunda na kuratibu matumizi ya maji. Mgomba uliokosa potasiamu huonekana: majani yake ya zamani hugeuka rangi ya manjano iliyoelekea chungwa kuanzia ncha, kisha hukauka mapema, na mkungu huwa mdogo.

Pana tofauti muhimu baina ya naitrojeni na potasiamu, ambayo mwalimu hana budi kuisisitiza. Naitrojeni imo hewani kwa wingi, na mimea ya jamii ya kunde, kama maharage, hushirikiana na bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake ili kuinasa. Kwa hiyo maharage yaliyopandwa chini ya migomba huweza kulipa sehemu ya deni la naitrojeni. Potasiamu haimo hewani. Huingia shambani kutoka katika mwamba unaooza polepole, au huletwa na nyasi, samadi, majivu au mbolea ya kiwandani. Isipoletwa kwa njia hizo, akiba hupungua.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mkungu mmoja wenye uzito wa kilo 20. Tuseme kwamba nyama ya ndizi, yaani sehemu iliwayo, ni kilo 12, na kilo 8 zilizobaki ni maganda pamoja na kikonyo cha mkungu. Uwiano huu hutofautiana kwa aina ya ndizi, na ni vema wanafunzi waupime wenyewe kwa mizani.

Kilo moja ya nyama ya ndizi ina takribani gramu 3.6 za potasiamu, gramu 1.7 za naitrojeni na gramu 0.2 za fosforasi. Basi nyama ya mkungu wetu ina:

Potasiamu: 12 × 3.6 = gramu 43.2
Naitrojeni: 12 × 1.7 = gramu 20.4
Fosforasi: 12 × 0.2 = gramu 2.4

Ikiwa kaya moja yauza mikungu mitatu kila wiki, kwa mwaka itauza mikungu 156. Potasiamu iliyomo katika nyama peke yake itakuwa 156 × 43.2, yaani gramu 6,739, au kilo 6.7 hivi. Naitrojeni itakuwa kilo 3.2, na fosforasi chini ya nusu kilo.

Bado hatujahesabu maganda na kikonyo. Kwa kila kilo, ganda la ndizi lina potasiamu nyingi zaidi kuliko nyama yake. Hata tukilipa kiwango cha chini, yaani kile kile cha gramu 3.6 kwa kilo, kilo 8 za maganda na kikonyo zitakuwa na gramu 28.8. Kwa mikungu 156 hizo ni kilo 4.5 nyingine. Kwa maneno mengine, potasiamu yote iliyomo katika mkungu ikigawanywa kwa sehemu kumi, si chini ya sehemu nne zimo katika vile tuvitupavyo.

Hesabu hii yaonyesha pia kwa nini mkungu mkubwa hudai zaidi. Kuanzia mwaka 1997 mradi wa maendeleo uliosaidiwa na Ubelgiji uligawa kwa wakulima wa Kagera aina mpya za migomba, zikiwamo FHIA-17 na FHIA-23, ambazo huzaa mikungu mizito na kustahimili baadhi ya magonjwa. Faida yake ilikuwa dhahiri katika mashamba yaliyodhoofika. Lakini mgomba hauumbi madini. Mkungu wa kilo 40 huondoka na virutubisho maradufu ya mkungu wa kilo 20 wa aina hiyo hiyo, na mwenye shamba hana budi kurudisha maradufu vilevile.

Bidhaa nzito na bidhaa nyepesi

Katika kibanja kimoja mgeni ataona bidhaa za namna mbalimbali zikiuzwa. Na ajiulize kila moja yabeba nini.

Ndizi ni bidhaa nzito. Huuzwa mbichi, zikiwa na maji mengi, na huondoka nzima pamoja na maganda na kikonyo chake. Zipakiwapo kwenda Mwanza au Dar es Salaam, maganda yake huishia katika majaa ya miji hiyo. Sehemu ya rutuba ya Kamachumu au Katerero hulala huko, haina wa kuitumia.

Kahawa ni nyepesi zaidi, lakini nayo ina siri yake. Robusta ya Kagera aghalabu hukaushwa juani na kuuzwa ikiwa na maganda yake, kisha hukobolewa kiwandani. Karibu nusu ya uzito wa kahawa ya maganda si buni. Maganda hayo yana potasiamu, na yangefaa sana kuwa matandazo. Kijiji kinachokoboa kahawa yake karibu na nyumbani huweza kuyarudisha mashambani.

Vanila ni nyepesi kuliko zote. Mmea huu, ambao ni wa jamii ya okidi, hutambaa juu ya miti midogo kati ya migomba. Asili yake ni Mexico na nchi jirani, ambako wapo wadudu wa kulichavusha ua lake. Huku kwetu hawapo, hivyo mkulima hulichavusha ua moja moja kwa kijiti, asubuhi ile ile lifunguapo, maana ua la vanila hukaa siku moja tu. Njia hiyo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na kijana mtumwa wa umri wa miaka 12, Edmond Albius. Kilo chache za vanila huondoa madini kidogo mno shambani na huweza kuleta fedha nyingi. Hata hivyo bei yake hupanda na kushuka kwa ghafla: ilikuwa juu sana mwaka 2003, kisha ikaanguka vibaya. Wala vanila haiivishi tumbo. Kwa sababu hiyo mkulima mwenye busara huiweka pembeni mwa chakula, si mahali pa chakula.

Faida ya kuuzia shambani

Sasa twaweza kuona umuhimu wa mnunuzi anayekuja mwenyewe. Mgeni anapokaribishwa kula kibanjani, akapikiwa ndizi na maharage, sehemu anayoondoka nayo ni ile tu aliyokula. Maganda na kikonyo hubaki. Mchukuzi anapobeba mikungu mizima kwenda mbali, vyote huondoka. Kwa mfano wetu wa mikungu 156, tofauti baina ya njia hizo mbili ni zaidi ya kilo 4.5 za potasiamu kwa mwaka, kwa kaya moja. Hayo ni madini ambayo mkulima asiye na ng'ombe hana njia rahisi ya kuyapata.

Tumetaja ng'ombe kwa makusudi. Utafiti wa mizania ya virutubisho uliofanywa katika wilaya ya Bukoba na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kaya zenye ng'ombe ziliweza kudumisha rutuba ya vibanja vyao, ilhali kaya zisizo na ng'ombe zilikuwa zikitoa zaidi ya zilivyorudisha. Tangu hapo mambo hayajawa mepesi. Watu wameongezeka, vibanja vimegawanywa kwa watoto na wajukuu, na sehemu kubwa za rweya zimepandwa misonobari na mikaratusi. Nyasi zimekuwa haba, na anayezihitaji pengine hulazimika kuzinunua. Tukumbuke pia kwamba kila mzigo wa nyasi uletwao kibanjani ni hasara kwa rweya. Daftari la kibanja laweza kuonyesha faida wakati daftari la rweya laonyesha deni.

Hatusemi kwamba mkulima asiuze mbali. Fedha za ndizi na kahawa zimesomesha watoto wengi wa Kagera, na baadhi ya wasomaji wetu ni miongoni mwao. Tunalosema ni kwamba bei ya mkungu haina budi kuwa na nafasi ya kulipia kile kinachoondoka pamoja nao. Mkulima asiyelipwa kiasi cha kununulia samadi au nyasi huwa anauza ndizi pamoja na shamba, kidogo kidogo.

Adabu ya mgeni, na ugonjwa wa mnyauko

Kuzuru kibanja ni kuingia nyumbani mwa watu. Mwalimu na apeleke taarifa mapema, aeleze idadi ya wanafunzi, na kukubaliana na mwenyeji juu ya siku na saa. Wanafunzi wawaamkie wazee kwa heshima kabla ya kuuliza lolote. Zamani mgeni wa Kihaya alipokewa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa na kukaushwa, na desturi hiyo ingali hai katika nyumba nyingi. Asiichezee anayepewa.

Ipo adabu nyingine inayodaiwa na sayansi. Mgeni huweza kuleta ugonjwa bila ya kujua. Mnyauko wa migomba uletwao na bakteria aitwaye Xanthomonas ulielezwa na wanasayansi huko Ethiopia mwaka 1968, katika mmea wa ensete ambao ni ndugu wa mgomba. Mwaka 2001 ulitambuliwa Uganda. Mwaka 2006 uliripotiwa Tanzania, mkoani Kagera, na wilaya ya Muleba ilikuwa miongoni mwa zilizoathirika. Mgomba ulioambukizwa hunyauka na kuwa wa manjano, ndizi zake huiva kabla ya wakati na ndani huwa na madoa ya rangi ya kutu. Gogo lake likikatwa hutoa ute wa manjano. Bakteria hawa hawamdhuru mtu, lakini huweza kuangamiza shamba zima la chakula.

Ugonjwa huenea kwa njia tatu hasa: wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba, visu na mapanga yaliyotumiwa kwenye mgomba mgonjwa, na machipukizi yanayotolewa katika shamba lenye ugonjwa. Kwa hiyo wakulima hufundishwa kuliondoa ua dume mara chana ya mwisho inapokwisha kujitokeza, kwa kutumia kijiti chenye panda badala ya kisu. Mapanga huchomwa motoni au kutakaswa kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia mgomba mwingine. Mgomba unaoonyesha dalili hukatwa mapema.

Basi kanuni za mgeni ni hizi:

1. Asiingie na kisu wala panga lake. Penye haja ya kukata, na akate mwenyeji kwa chombo chake.

2. Asafishe matope ya viatu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Kuvu wa ugonjwa wa Panama, ambaye hushambulia ndizi za kuiva kama kisukari, huweza kuishi udongoni kwa miaka mingi.

3. Asiguse ua wala kuchuma jani bila ya ruhusa.

4. Asichukue chipukizi kwenda nalo nyumbani.

Kanuni ya nne ni ngumu kuliko zote. Kumpa mgeni chipukizi la mgomba ni ukarimu wa asili, na aina nyingi za ndizi tuzijuazo leo zilienea kwa zawadi za namna hiyo. Kulikataa bila ya maelezo huweza kumuudhi mwenyeji. Tunashauri mwanafunzi aseme hivi: "Bibi, tunashukuru sana. Lakini mwalimu ametufundisha kwamba mnyauko husafiri na machipukizi, nasi hatutaki kuupeleka kwetu wala kuuleta kwako. Tupe jina la aina hii, tuliandike." Jina ni zawadi isiyobeba ugonjwa. Zipo aina nyingi, kama vile Enshakala, Entobe na Enchoncho, na daftari la majina yake litakuwa hazina ya shule.

Kazi ya darasa

Darasa ligawanywe katika makundi manne, na kila kundi lipewe kazi yake.

Kundi la kwanza lipime shamba. Wapime urefu na upana kwa kamba, wahesabu mashina ya migomba na mibuni, na kuchora ramani inayoonyesha nyumba, zizi, jiko na lundo la mboji. Waangalie kama migomba iliyo karibu na nyumba ni mikubwa kuliko iliyo mbali, na kueleza sababu.

Kundi la pili lipime kinachotoka. Wapime uzito wa mkungu mmoja, kisha wa nyama, wa maganda na wa kikonyo chake, kwa ruhusa ya mwenyeji. Waulize ni mikungu mingapi huuzwa kwa wiki, hununuliwa na nani, na hupelekwa wapi.

Kundi la tatu lipime kinachoingia. Wahesabu ng'ombe na mbuzi, wakadirie ndoo za samadi na mizigo ya nyasi, na kuuliza nyasi hutoka wapi na hugharimu nini. Wasisahau majivu.

Kundi la nne lifanye jaribio la majivu. Maganda yaliyokaushwa yachomwe hadi yawe majivu meupe. Majivu yachanganywe na maji, yachujwe, kisha maji hayo yapimwe kwa litimasi nyekundu. Litimasi itageuka buluu, kwa sababu majivu hayo yana kabonati ya potasiamu, ambayo ni alkali. Maji hayo huchubua, hivyo yasiguswe kwa mikono mitupu wala kukaribia macho. Wanafunzi wataelewa hapo kwa nini majivu ya maganda ya ndizi hupunguza asidi ya udongo, na kwa nini nyanya zao hawakuyatupa.

Wakirudi darasani, makundi yote yaunganishe matokeo katika daftari moja lenye safu mbili, ya kuingia na ya kutoka. Nakala moja apelekewe mwenye shamba. Hili si jambo la hiari. Mwenye kibanja ametoa muda na maarifa yake, naye ana haki ya kujua kilichopatikana. Pale ambapo pana shaka juu ya ugonjwa au udongo, mwalimu na amwone ofisa ugani wa kata, au aombe ushauri wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Maruku, kilicho kusini ya mji wa Bukoba, ambacho kimeshughulikia utafiti wa migomba kwa miaka mingi.

Hitimisho

Kibanja chenye rutuba ni akiba iliyowekwa na waliotutangulia. Kila mkungu uuzwao ni sehemu ndogo ya akiba hiyo inayotolewa, na kila mzigo wa nyasi, ndoo ya samadi au kapu la maganda ni sehemu inayorejeshwa. Mwanafunzi aliyepima mambo hayo kwa mizani na kamba hatakuwa tena mnunuzi wa kupita njia. Atakapoona mkungu barabarani Muhutwe atajua kwamba ameona mazao ya mwaka huu pamoja na jasho la miaka mingi. Na akialikwa kula, atakapomaliza, atayakusanya maganda yake mwenyewe na kuyarudisha chini ya migomba.

Maswali

1. Eleza kwa nini maharage yaliyopandwa kibanjani huweza kurudisha naitrojeni lakini hayawezi kuongeza potasiamu.

2. Kaya moja huuza mikungu mitano kwa wiki, kila mmoja wenye nyama kilo 15. Tafuta potasiamu inayoondoka katika nyama hiyo kwa mwaka.

3. Kijiji kina mashine ya kukoboa kahawa. Taja njia mbili za kuyarudisha maganda mashambani, na kikwazo kimoja cha kila njia.

4. "Rutuba ya kibanja ni hasara ya rweya." Jadili usemi huu ukizingatia hali ya kijiji unachokifahamu.

5. Chagua bidhaa moja iuzwayo katika soko la karibu na shule yako. Fuatilia maganda au mabaki yake yanakwenda wapi, na upendekeze njia ya kuyarudisha shambani.